Krimu Isiyo na Dawa

Mchi wa kinu ulitua mezani na chupa sita za krimu zikapasuka kwa mpigo mmoja.

"Umemtilia nini mwanangu kwenye krimu yako?" Zamda alifoka. Alikuwa ametoka nje kabla ya arobaini, kichanga kimefungwa mgongoni, mashavu ya kichanga yamechubuka na kutoa usaha.

"Sijatia kitu," alisema Bi Rukaiya, mtengenezaji wa krimu.

"Mwongo!"

Mchi ukaangusha rafu. Kigae kikamchana Bi Rukaiya mkono, damu ikachuruzikia kwenye krimu. Hakukimbia. Aliinama, akatoa chini ya meza kichupa ambacho hakikuwa kimefunguliwa kwa muda mrefu.

"Dawa ya kuzuia krimu isioze ndiyo hii. Matone machache tu kwa sufuria nzima. Ninyi wateja mkaja hapa mkaapa kwamba ni sumu, kwamba mkiiona hamnunui tena. Nikaacha kutia."

Zamda alimkaba koo, akambamiza ukutani.

"Niue," Bi Rukaiya alisema kwa shida, "lakini tazama chini kwanza."

Zamda akatazama. Ndani ya chupa zilizopasuka, krimu ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Akapiga ukelele, akainua mchi tena.

Majirani wakaingia mbio, wakamng'ang'ania mikono. Nyuma yao aliingia mwanamke mwenye mimba kubwa. Aliokota chupa pekee iliyobaki nzima, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake: HAINA DAWA. "Hii ndiyo salama kwa mwanangu," alinong'ona. Akatazama huku na huku, kisha akaificha ndani ya kanga.