Mume Aliyejua Kusikiliza

Msusi aliingia nyumbani, akatupa mkoba kwenye kochi na kuanza kushindilia nguo kwenye begi kabla hata hajavua viatu.

Siku nzima mikono yake ilikuwa kwenye vichwa vya watu, roho yake kwenye simu. Asubuhi alimwandikia mumewe ujumbe mrefu kama mkeka, akamweleza kila kilichomkaa moyoni, kuanzia upweke hadi mambo madogomadogo ya nyumba. Alifuta, akaandika upya, akalia kidogo, akatuma. Jibu lilikuja mchana: kidole gumba.

Kidole gumba! Saluni nzima ilishika mdomo. Mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alisema, "Shoga, huyo si mume, huyo ni mnara wa simu. Ujumbe unafika, basi."

Sasa yalikuwa mawili: waongee leo, au akalale kwa dada yake, na kurudi kwake asiulize mtu.

Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa na maficho yake. Mazungumzo yakinukia tu, anajifungia bafuni. Na kweli, ndala zake zilikuwa pale nje, mlango umefungwa, maji yanachuruzika ndani.

Msusi akaketi sakafuni, akauegemea mlango. "Leo hutoki mpaka unisikie. Usiseme kitu. Sikiliza tu."

"Haya," sauti ikajibu, nzito, kama imetokea ndani ya ndoo.

Akafunguka. Alisema amechoka kula chakula cha jioni na mtu aliyeoa televisheni. Alisema mara ya mwisho aliposuka mtindo mpya, aliulizwa kama umeme umelipiwa. Na kila akisema amechoka, anaambiwa akalale, wakati yeye hataki kulala, anataka aulizwe kachoshwa na nini.

Kisha: "Umechoshwa na nini?"

Msusi akageuka, akautazama mlango. Tangu waoane hakuwahi kuulizwa swali hilo.

Akaeleza. Kila alipovuta pumzi, sauti ilimsindikiza: "Duh." "Enhe?" "Ikawaje?" Hakukatizwa. Hakufundishwa la kufanya. Hakuna aliyetazama saa.

"Na tatizo lilianza lini, mama?"

Mama! Hata enzi za uchumba hakuitwa hivyo.

"Lilianza kidogokidogo tu," akasema.

"Ndivyo yanavyoanza," sauti ikasikitika. "Mtu anaona tone moja, anapuuza. Mara nyumba nzima inaogelea."

Maneno hayo yalimpiga msusi mpaka akatafuta ncha ya gauni afute machozi. Kumbe mtu huyu ana busara hii yote, akaificha miaka yote!

"Mbona hujawahi kuongea nami hivi?"

"Sikuwahi kuulizwa." Kikohozi kidogo. "Sisi wanaume, mama, tukiambiwa jambo tunakimbilia kushika kifaa. Tunafikiri kila kitu kinakazwa. Nakuomba radhi. Kwa niaba yetu sote."

Kwa niaba yao sote! Msusi akainuka mwepesi kama msichana. Akarudisha nguo kabatini. Akampigia dada yake: "Siji tena. Mume wangu kabadilika. Sijui kapigwa na nini, lakini Mungu ampige zaidi." Akajipaka rangi ya mdomo, akajinyunyizia manukato, akarudi kwa madaha hadi mlangoni na kuweka midomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mpenzi," akanong'ona, "fungua basi, nikukumbatie."

Ndani, kitu cha chuma kikadondoka kwenye vigae.

"Mama," sauti ikasema taratibu, "hapo sasa tutaharibu."

Kabla hajauliza wataharibu nini, mlango wa mbele ukafunguka. Mumewe akaingia akihema, jasho linamtiririka, uso umejaa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Mke wangu, ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho," akasema, akainua juu kipande kipya cha bomba. "Kule chini kabisa uliandika bafuni panavuja. Vipi, fundi bado yumo ndani?"