Daftari la Kuchakulo

Zama wanyama walipoanza kwenda chuo, Kuchakulo alihitimu akaapa kuwatumikia wanyonge. Chui, mkuu wa idara ya misaada, akampa daftari.

"Nenda kwa Pimbi wa majabalini. Andika kila kaya ina wangapi, nani mgonjwa, na mlango wa nyuma uko wapi. Chumvi ya msaada tutaifikisha mlangoni."

Kuchakulo alipita shimo kwa shimo juani, bila posho. Pimbi walimfurahia msomi, wakamwonyesha hata milango wasiyowahi kumwonyesha mgeni. Bibi kizee mmoja tu alikataa.

"Mjukuu wangu, mlango wa nyuma ni wa kukimbilia, si wa kupokelea chumvi."

Kuchakulo akasikitika, akaandika mbele ya jina lake: Hatoi ushirikiano. Kisha akampelekea Chui nakala.

Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama chumvi imefika. Mashimo yalikuwa matupu, na kwenye kila mlango wa nyuma alioandika zilijaa nyayo za Chui. Aliyebaki ni bibi yule peke yake.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu," alisema. "Mimi uliniandikaje?"

Kuchakulo, mhitimu wa chuo, akafungua daftari lake na akashindwa kusoma.