Mikono Arobaini

"Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Ila mnyooshe wote," Mwalimu Khuê aliwaambia kwa mara ya kumi wiki ile. "Mkaguzi aone darasa linachemka. Mimi nitachagua wa kulia tu."

Wanafunzi wake arobaini wakanyoosha, wakashusha, wakanyoosha tena. Khuê akasonya. Mbumbumbu watupu, hata mikono inawachanganya.

Chuo chenyewe, pale Nam Định, kilikuwa kimeingiwa na wazimu wa kuitwa cha kimataifa. Miaka kumi na tano Khuê alifundisha matuta ya kuzuia mafuriko ya Mto Mwekundu kwa Kivietinamu, na wanafunzi wakimfuata hadi kwenye supu ya phở wamuulize zaidi. Sasa somo lilelile lilikuwa kwa Kiingereza, kutoka kitabu cha ng'ambo chenye picha za mito ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Khuê alikisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Kengele ikilia, anafunga anaondoka.

"Mwalimu, hapa wana maana gani?" aliwahi kuuliza Nhẫn, kiranja wa darasa.

"Nikutafunie, nikumezee pia? Kasome, mdogo wangu."

Mkaguzi akaja, katoka Ulaya na tai yake shingoni. Akitoa cheti, kozi inaendelea. Akinyima, inafungwa na Khuê hana kazi. Mkuu wa chuo, Bwana Quyền, alikaa nyuma akijifuta jasho.

Khuê aliuliza maswali matatu. Mikono ikapanda yote, naye akachagua ya kulia. Majibu yaliyokaririwa yakatoka bila kukwama. Mkaguzi akatabasamu, kisha akasimama. Hilo halikuwamo kwenye mazoezi.

"Na mimi niulize moja tu. Humu ndani, nani amekielewa kitabu hiki?"

Mikono ikapanda palepale. Yote ya kushoto.

Khuê akawapitia kwa macho. Hata Nhẫn. Mwaka mzima wamekaa wakimtikisia vichwa, kumbe patupu. Aliwadharau wote.

Lakini mkaguzi angejuaje siri ya kushoto na kulia? Alihesabu kwa kidole, taratibu, akaandika, akaenda kumpa mkono Bwana Quyền.

"Hongereni, cheti mmepata," alisema. "Sijawahi kuona darasa kama hili. Arobaini na mmoja."

Khuê akaushusha mkono wake wa kushoto.