Vumbi la Jangwa

Kila Ijumaa, Saumu, afisa wa hewa, alipita kubandua karatasi ya kunasia vumbi juu ya kila mlango. Karatasi hizo zilisomwa ili kujua hewa inavyobadilika na jangwa limesogea hadi wapi, na nyumba iliyokutwa na moshi ilifungwa, wenyewe wakahamishwa.

Bi Mwanakombo aliyajua hayo. Lakini mjukuu wake alikuwa ametimiza siku arobaini, na nguo zake zilikuwa hazijafukizwa. Akatia chetezoni kipande cha udi, kidogo kama ukucha.

Ijumaa ilipofika, Saumu akaibandua karatasi, akainusa. Akamtazama mtoto.

“Bibi, vumbi lenu linanukia harusi.”

Bi Mwanakombo akamvuta mtoto kifuani. “Ni kwa ajili ya huyu, mwanangu.”

“Mimi nina mafua, sisikii harufu.” Akaandika: vumbi la jangwa. “Hata majirani zako nimewaandikia hivihivi.”

Bi Mwanakombo alimwombea dua wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata Saumu hakuja. Redio ilitangaza kuwa jangwa limeufikia mtaa wao, hivyo nyumba zote zijiandae kuhama. Bi Mwanakombo akazikunja nguo za mtoto, moja baada ya moja. Bado zilikuwa zinanukia udi.