Mji Aliopewa Bi Sauda

Bi Sauda alimtungia shoga yake Rukia fumbo la sataranji, akatia ndani kete ya kubuni, panzi, asiyekwenda ila kwa kuruka wenzake. Rukia aliliinamia siku tatu.

"Haya, nakupa mji, shoga," akasema, kama ashindwavyo mtu kitendawili. "Kichwa kimekwisha. Sataranji nawagawia wajukuu."

Akaanza kutia kete mfukoni, moja moja.

Miaka yote Sauda hajapata kupewa mji na Rukia. Tangu jana alijua: alisahau kupanga kitunda kimoja, kete ndogo kuliko zote, na fumbo halikuwa na jibu. Akakifunga bindoni mwa kanga, kwa kuutamani mji.

"Siutaki, mwenzangu," akasema alipoona kete zaisha, akakifungua kitunda bindoni, akakiweka ubaoni.

Rukia akakitazama, akamtazama yeye, mfuko ungali wazi mkononi.