Skrini Tatu Mezani kwa Mama Selpha

Skrini zote tatu zilikuwa na uso wa Lazarus.

“Sasa wewe fundi umenizalia mtoto mmoja mara tatu,” Mama Selpha akasema. “Mimi niko na Lazarus, Obura na Melvin.”

Ngui akacheka. Alikuwa na duka la kompyuta karibu na soko la Kitengela, lakini hajawahi kuona skrini zikipangwa kwenye meza ya chakula, kila moja mbele ya kiti chake. Laptop yenyewe iliwekwa kwenye stuli, na waya zimelala sakafuni kama matumbo ya mbuzi.

“Zilikuwa zinaigana, mama. Nikizitenganisha, kila moja itabeba mtu wake.”

Laptop ilikuwa na tundu moja tu la kuchomeka skrini ya nje. Hizo zingine mbili alizipitisha kwenye USB, kila moja na kifaa chake. Lazarus akabaki upande wa kulia. Obura akatokea kushoto, shati jeupe. Ya Melvin ikakaa nyeusi.

“Na saa saba inafika,” mama akasema. “Tulipatana saa saba.”

“Saa saba ya huku ama ya huko kwao?”

“Saa saba.”

Ngui hakumsumbua zaidi. Mwaka huo wa 2009 wazazi wengi walikuja dukani kwake wakitaka kuwaona watoto wao, na wengi hawakuelewa mambo ya saa za ng'ambo.

“Mlikaa meza moja mara ya mwisho lini?” akauliza, akichomoa waya na kuurudisha.

“Siku tulimzika baba yao. Leo ni mwaka mzima. Kutoka hapo kila mtu akaenda upande wake.”

“Ni mbali, pole.”

“Ni mbali, baba.” Akafuta vumbi kwenye ile skrini nyeusi kwa pembe ya leso, polepole, kama anayempangusa mtoto pua. “Napika ugali ya mtu mmoja, inabaki.”

Waya haukusaidia. Ngui akajikuna ndevu.

“Mama, hii ikikataa kabisa, naweza kumweka Melvin pamoja na Obura. Skrini moja, nusu kwa nusu.”

“Hao wawili kioo kimoja? Hapana! Watazima wote. Kila mtu na yake, na ziwe size moja, si nilikuambia?”

Ngui akawasha laptop upya. Wakangoja. Mama hakukaa. Simu ya video ilipounganishwa tena, Lazarus akarudi, Obura akarudi, halafu ile ya tatu ikapepesa, na Melvin akawa hapo, picha yake ikikwamakwama.

“Haya!” Mama akapiga makofi. “Haya, wanangu, mmekuja!”

Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Ngui akadhani hawasikiani.

“Hebu semeni kitu, nijue sauti.”

“Tunasikia,” Obura akasema, basi.

Nje, punda wa muuza maji akalia. Akalia tena ndani ya spika, mara tatu. Ngui akapunguza sauti. “Ni mwangwi tu, mama. Inatokea.”

Mama akaomba kwa ufupi, akamtaja marehemu, kisha akapakua. Sahani nne. Ugali, mboga, kuku wa kienyeji. Firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya mzee, akaiweka kwenye ubao na kuikata vipande vitatu. Akavipima kwa macho. Akapunguza kimoja kidogo, akaongeza kingine. Kwenye skrini wanaume watatu wakatazama kisu bila kupepesa macho.

Ngui akageuka akajifanya anakunja waya. Kumpakulia mtu aliye ndani ya kioo! Akatamani kumpigia mamake kule Mashuuru.

Mama Selpha akafunika sahani tatu, akazipanga kwenye sinia, akamletea.

“Nisaidie hapo, baba. Mimi nikianza na mmoja, wengine watasema nampendelea. Lazarus ni huo mlango wa buluu hapo uani, Obura anafuata, Melvin yuko nyuma ya tangi ya maji. Kimbia basi, ugali isipoe.”