Hodi ya Kilindini

Kamera ya watafiti ilikuwa imeshashuka mita elfu mbili baharini, na mji mzima ulibanana mbele ya skrini ukumbini kumwona Mzee Faki Ngwali akiumbuka. Miaka thelathini aliwasimulia watu kwamba alizamia mpaka kilindini, akakuta samaki wenye adabu zao: hakuna aingiaye pangoni mwa mwenzake bila kupiga hodi mara tatu kwa mkia. Kwa hadithi hiyo aliitwa Mzamiaji, na kila harusi alipewa kiti cha mbele. Mkewe, Bi Zuwena, ndiye peke yake aliyejua kuwa mumewe hajawahi kuvuka maji ya magotini.

"Kiri mapema, Baba Saumu," alimnong'oneza. "Sema ulikuwa unatania."

Faki akasimama, akakohoa. Hapo hapo samaki mweusi mwenye taa kichwani akatokea kwenye skrini, akasimama mlangoni pa pango, akagonga mwamba kwa mkia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akangoja. Mwenziwe akachungulia, akampisha.

Ukumbi ukalipuka. "Mzamiaji huyo!"

Faki akamwinamia mkewe. "Mama Saumu, wallahi nilitunga!"

"Najua! Sasa mbona anakuja huku?"

Samaki alikuwa ameigeukia kamera. Jicho lake likajaa skrini nzima, kisha akageuza mkia, akagonga kioo cha kamera: ko, ko, ko.

Akangoja. Ukumbi mzima ukamgeukia Mzee Faki, nao wakangoja aitikie.